Nafasi Aliyoachiwa Mwenyeji

Vitabu ni vinne, vyembamba, na kila kimoja kimebeba sauti moja tu. Aliyeshika cha soprano haoni hata nota moja ya besi. Mwenye tenori hajui alto atanyamaza wapi mpaka alto mwenyewe anyamaze. Hakuna mistari ya kugawa mapigo, hakuna ukurasa wa jina la kitabu, hakutajwa mchapaji, mahali wala mwaka. Kilichopo ni jina la mtunzi juu ya ukurasa, William Byrd, na maneno ya Kilatini ambayo kila Mkatoliki wa zama zile aliyajua tangu utotoni. Hii ni Misa yake ya sauti nne, iliyochapwa London na Thomas East. Ili kuipa mwaka, wataalamu walilazimika kuchunguza vibao vya herufi za urembo, wakaona vilivyochakaa na kupasuka, wakavilinganisha na vitabu vingine vya East vyenye tarehe, ndipo wakaweza kukadiria: kati ya Misa zake tatu, ya sauti nne ilitoka mwaka 1592 au 1593, ya sauti tatu ikafuata mwaka mmoja hivi baadaye, na ya sauti tano karibu na 1595.

Kimya hicho cha karatasi kilikuwa na sababu. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1581 ilimtoza aliyesikiliza Misa faini ya maki 100, yaani zaidi ya paundi 66, na kumfunga mwaka mzima. Ya mwaka 1585 ilimhesabu kuwa mhaini padre yeyote aliyepewa daraja ng'ambo kisha akarudi nyumbani. Byrd mwenyewe aliishi katikati ya kisu na mpini. Tangu 1572 alikuwa mwimbaji wa kanisa la kifalme, akila mshahara wa Malkia Elizabeth na kutunga nyimbo za ibada ya Kianglikana, huku jina lake likirudi kila mara katika orodha za wanaokataa kuhudhuria ibada hiyo. Mwaka 1605 Mfaransa mmoja, Charles de Ligny, alikamatwa London na kutiwa gerezani Newgate kwa sababu ya vitabu alivyokutwa navyo. Vilikuwa vitabu vya muziki, mkusanyo mpya wa Byrd uitwao Gradualia. Fikiria karatasi ya nota kuwa ushahidi wa kumfunga mtu.

Sasa, nani aliimba Misa hizo? Hakukuwa na kanisa kuu lenye kwaya ya kudumu ya kuziimba, kwa maana makanisa makuu yote yalikuwa yamebadilishiwa ibada. Ziliimbwa majumbani, katika vyumba vya juu vya nyumba za matajiri waliobaki na imani ya zamani, na walioziimba walikuwa mchanganyiko wa wenyeji na wageni. Padre Mjesuiti William Weston alisimulia juu ya siku kama nane za Julai 1586 katika nyumba ya Richard Bold, ambako palikuwa na kikanisa, kinanda, vyombo vingine vya muziki, na waimbaji, wanaume kwa wanawake, waliotoka humo humo nyumbani. Byrd alikuwa miongoni mwa wageni. Miaka michache baadaye alihamia Stondon Massey, mkoani Essex, karibu na Ingatestone, kwa ukoo wa Petre, ambao nyumba yao hadi leo ina vyumba viwili vya siri vilivyokuwa vya kuficha mapadre. Huko mtu alifika amepanda farasi, akafungiwa lango nyuma yake, akapewa kitabu kimoja kati ya vinne au vitano, akaimba na watu ambao pengine alikuwa amewafahamu jioni ile tu.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa kawaida methali hii husemwa wakati wa chakula, pale mgeni anapofika na kuku akachinjwa. Lakini katika nyumba kama zile mwenyeji alipona kwa jambo zito zaidi. Alikuwa na altare bila padre, ana Kilatini bila sauti ya tatu. Mgeni mmoja mwenye besi nzuri aliweza kuifanya Misa ya kunong'ona iwe Misa ya kuimbwa.

Na muziki wenyewe umeundwa kwa namna hiyo hiyo. Katika Kyrie ya sauti nne, sauti moja hutangulia na kusema neno lake. Ya pili hubisha hodi kwa tuni ile ile, juu zaidi au chini zaidi, na ile ya kwanza haikatizi usemi wake wala haiondoki, husogea. Kisha ya tatu, kisha ya nne. Kila aingiaye anakuta mazungumzo yameshaanza na anapewa nafasi bila yeyote kufukuzwa. Anayeimba kwa kitabu chenye sauti moja tu hana njia ya kujua mlango wake uko wapi isipokuwa kwa kuhesabu na kusikiliza. Macho hayamsaidii. Waimbaji wa leo huwa na nota za sauti zote katika ukurasa mmoja, na wanapopewa nakala za mtindo wa kale, wengi hushangaa jinsi masikio yao yanavyoamka ghafla.

Jambo la kushangaza zaidi limo katika Gloria. Ukiifungua, maneno ya kwanza hayapo. Byrd anaanzia pale inapotajwa amani ya duniani. Utukufu wa mbinguni, ambao ndio mwanzo wa sala, hakuutungia chochote. Credo nayo iko hivyo hivyo: tamko la kwanza la kumsadiki Mungu mmoja limeachwa wazi. Huu haukuwa usahaulifu. Maneno hayo ni ya padre. Ni yeye anayepaswa kuyaimba akiwa altareni, peke yake, kwa tuni ya Kigregori, ndipo kwaya iyapokee na kuendelea. Watunzi wenzake, Palestrina huko Roma na Victoria wa Hispania, waliacha pengo hilo hilo, kwa kuwa ndivyo ibada ilivyokwenda. Misa ya sauti nyingi, ambayo leo tunaihesabu miongoni mwa kazi kamilifu kabisa za muziki wa Ulaya, iliandikwa ikiwa na tundu, na tundu lile lina umbo la mwenye nyumba.

Katika ukumbi wa tamasha tundu hilo huzibwa. Mwanakwaya mmoja wa tenori husogea mbele, akaimba mstari wa padre, na shughuli ikasonga. Kwaya inaimba Gloria, Credo na Sanctus mfululizo, watu wanapiga makofi, wanakwenda kupata kinywaji. Hakuna aliyekosea. Ila kazi ile imegeuka kuwa nyumba iliyojengwa ukuta mahali palipokuwa na mlango.

Ndiyo maana kwaya ya mtaa, iliyozoea matamasha, inapoalikwa kuimba Misa ndani ya Misa, hukutana na muziki iliodhani inaujua. Kwaya za namna hii ni nyingi Uingereza: walimu, wauguzi, wastaafu, wanafunzi, watu wanaokutana jioni moja kwa wiki katika ukumbi wa shule na kujifunza Byrd au Victoria kwa sababu tu wanaupenda muziki huo. Wengi si Wakatoliki. Wanafika parokiani asubuhi, wanapanda ngazi nyembamba hadi roshani ya kinanda, wanaimba mistari michache kupima mwangwi, wanagundua kwamba sauti hapa hukawia hewani kuliko ukumbini kwao na kwamba mwendo waliojifunza ni wa kasi mno. Kisha kengele inalia, padre anaingia, na kuanzia hapo hawana tena amri juu ya saa.

Padre anaianzisha Gloria. Labda ni mzee, labda ana mafua, labda ameanza chini mno au juu kuliko alivyotarajia mwenyewe. Mwalimu wa kwaya, mwenye chuma chake kidogo cha kupatia sauti, anakuwa na pumzi moja tu ya kuamua: aifuate sauti ya padre na kuihamisha Gloria nzima, au ageuke taratibu kuelekea sauti waliyoizoea. Wanakwaya wazoefu huifuata ya padre. Mgeni akila, hula kilichopikwa. Na kuna jambo la haki katika hilo, kwamba mtu asiyejua kusoma nota, pengine asiyejiona mwimbaji kabisa, ndiye anayewapa wataalamu wa mapigo na vipindi mahali pa kuanzia.

Baadaye inakuja Sanctus, na hapa historia imeacha kidonda ambacho hakijapona. Kwa karne nyingi ilikuwa desturi kuigawa sehemu mbili: Sanctus kabla ya mageuzo ya mkate na divai, Benedictus baada yake, huku padre akiendelea na sala zake kwa sauti ya chini. Muziki ulifunika kazi ya altareni, na kazi ya altareni ikakata muziki. Baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano yote huimbwa kabla, na padre husimama akingoja. Dakika tatu au nne za kusimama mbele ya mkate na divai, mikono imeunganishwa, bila la kufanya. Wapo mapadre wanaozipenda dakika hizo na kuzitumia kusali. Wapo wanaohisi kwamba sala kuu imesimamishwa njiani. Waamini nao wana hoja nzito, kwa maana Sanctus ni wimbo wa wote. Padre ndiye anayewaalika waungane na malaika kuuimba, halafu wanaouimba ni wale wageni walioko juu nyuma yao.

Hoja hiyo haifai kupuuzwa, na mtu anayependa polifonia, yaani uimbaji wa sauti nyingi, kwa dhati anapaswa kuipa uzito kuliko mwingine yeyote. Mababa wa Mtaguso, katika hati ya liturujia ya tarehe 4 Desemba 1963, waliupa wimbo wa Kigregori nafasi ya kwanza, wakasema wazi kwamba polifonia haikutengwa, wakahimiza kwaya ziendelezwe, na papo hapo wakawaagiza wachungaji wahakikishe kusanyiko zima linashiriki. Maelekezo ya mwaka 1967, Musicam Sacram, yaliruhusu sehemu za kudumu za Misa ziimbwe na kwaya kwa sauti nyingi mradi watu wasiondolewe kabisa katika kuimba. Hilo neno "kabisa" limebeba mzigo mkubwa. Parokia nyingi zimelitafsiri kwa vitendo: wageni wanaimba Kyrie, Gloria, Sanctus na Agnus Dei, kanisa zima linaimba Credo ya Kigregori, zaburi, Baba Yetu, majibizano yote na nyimbo za kuingia na kutoka. Kwaya inayochukua vyote, hata Amina, imekuja kuteka nyumba ya watu. Mgeni ni kuku mweupe, wanasema Waswahili. Anaonekana kutoka mbali hata akijificha, na kwa hiyo hana haja ya kuongeza manyoya.

Lakini kunyamaza nako ni kazi. Mama aliyekaa benchi la nne na mtoto mapajani, akiifuata Gloria ndefu ya dakika tano ambayo maneno yake anayajua ila tuni yake haijui, hajakaa bure. Anatafuta maneno yake ndani ya sauti za wengine. Anayapata, yanampotea, anayapata tena yakiwa yamepanda juu. Mashaka juu ya jambo hilo si mapya: katika Mtaguso wa Trento, mwaka 1562, maaskofu walilalamika kwamba maneno yanazama katika wingi wa sauti, na watunzi wengi wa kizazi kile wakajitahidi kuandika kwa uwazi zaidi. Aliye benchini bado anafanya nusu ya kazi hiyo.

Swali gumu zaidi ni la imani. Je, mtu asiyesadiki aimbe Nasadiki? Historia ya uimbaji huu Uingereza imejibu kwa watu kuliko kwa hoja. Richard Terry, aliyeingia Ukatoliki mwaka 1896, alizifufua Misa za Byrd pamoja na wanafunzi na watawa wa shule na monasteri ya Downside. Mwaka 1899 aliipeleka kwaya hiyo ugenini, Ealing, magharibi mwa London, ikaimba Misa ya sauti tano, na Kardinali Vaughan alipoisikia alimtaka Terry kwa ajili ya kanisa kuu jipya la Westminster. Kwaya moja iliyosafiri ikabadilisha maisha ya kanisa zima. Miaka zaidi ya 20 baadaye, Ralph Vaughan Williams, mtunzi ambaye hakuwa muumini, aliandika Misa katika G minor bila ala yoyote, akawatunukia rafiki yake Gustav Holst na waimbaji wake wa sikukuu ya Pentekoste. Waimbaji hao walianzia katika tamasha la Thaxted, mwaka 1916, huko huko Essex alikoishi Byrd: wanafunzi wa chuo cha jioni cha watu wa kazi London, wasichana wa shule, na wanakijiji. Misa ile ilisikika kwanza tamashani Birmingham mwaka 1922. Mwaka uliofuata Terry akaiingiza altareni Westminster. Asiyesadiki aliijenga nyumba kwa vipimo sahihi kiasi kwamba wanaosadiki walihamia bila kugusa ukuta. Anayedai kuwa kazi yake haikuwa sala ana mzigo wa kueleza ilikuwa nini.

Ugeni huu haukusafiri kwa njia moja tu. Mwaka 1958, huko Kamina, Katanga, katika nchi ya Waluba ambako Kiswahili kinasikika sokoni na shuleni, Padre Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji, alikuwa na kwaya ya wavulana wapatao 45 na walimu 15. Walikuwa wameiunda Misa Luba kwa kuimba, si kwa kuandika. Kyrie ilifuata namna ya kasala, nyimbo za maombolezo. Sanctus ilitoka katika wimbo wa kuagana. Ngoma zilikuwepo, na sauti zilijibizana kama zinavyojibizana kijijini, kila mmoja akijua nafasi yake bila kitabu, hata kimoja kati ya vinne. Iliimbwa kanisani Kamina mwezi Machi, na mwaka huo huo kwaya ikaenda Ubelgiji, Uholanzi na Ujerumani, na kuimba kwenye maonyesho makubwa ya Brussels. Kilatini kilichokuwa kimeletwa na wageni kilirudishwa kwao na wageni.

Ni lazima isemwe kwamba Ulaya iliipokea Misa ile zaidi kama muziki wa kusikilizwa. Rekodi yake ilienea, Sanctus yake ikatumika katika filamu ya Kiingereza ya mwaka 1968, na wengi waliokariri kila pigo la ngoma hawakuwahi kuisikia ikingojea padre. Ikafungiwa ukumbini kama Byrd. Kamina yenyewe ilikuwa na mlango. Wasikilizaji wa mbali walipewa ukuta, wakausifu kwa uzuri wake. Lililotafutwa na waimbaji wale lilipata jibu lake mahali pengine: mwaka 1988 Roma iliidhinisha Misa ya Roma kwa majimbo ya Zaire, yenye mwendo wa Kiafrika ndani ya ibada yenyewe, na tarehe 1 Desemba 2019 Papa Fransisko aliiadhimisha katika Kanisa la Mtakatifu Petro pamoja na Wakongo wanaoishi Roma.

Tanzania, suala la kwaya mgeni halihitaji utangulizi. Jumapili fulani basi dogo linaingia uwanja wa parokia, wanashuka watu waliovaa sare ya kitenge kimoja, wana kinanda kilichofungwa kwa blanketi, na mwalimu wa kwaya ana bahasha ya nakala za nota. Wengine husoma do re mi, wengine hushika kwa masikio tu. Sauti ni nne, kama zile za Byrd. Kuna Utuhurumie, Utukufu, Mtakatifu na Mwanakondoo zilizotungwa na Watanzania kwa Kiswahili, na bado wapo wazee wanaoijua Misa ya Malaika kwa Kilatini kuanzia mwanzo hadi mwisho na wataiimba bila kitabu ukiwaanzishia. Padre Stephen Mbunga, aliyetunga Misa Baba Yetu, alichapisha mwaka 1963 kitabu kizima, Church Law and Bantu Music, akipima sheria za Kanisa juu ya muziki mtakatifu dhidi ya muziki wa Kibantu. Swali lake lilikuwa la nyumba na mgeni vilevile, ila lilikuwa limegeuka: baada ya miaka mingi ya kupokea, mwenyeji alikuwa akiuliza ni kwa masharti gani naye atasikika nyumbani kwake.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwaya mgeni hupewa jembe saa hiyo hiyo inaposhuka garini. Na mara nyingi hupewa sehemu tu ya shamba: wenyeji wanaimba kuingia na matoleo, wageni wanaimba Utukufu na Mtakatifu, na wakati wa komunyo, foleni ikiwa ndefu, makundi mawili yanaungana katika wimbo ambao kila upande umeujua kwa namna yake. Hapo besi mbili hugongana. Wa upande mmoja wanashuka mahali ambapo wenzao wamezoea kupanda, mwalimu mmoja anamtazama mwingine, na kufikia ubeti wa tatu mmoja amekubali kumfuata mwenzake.

Baada ya Misa hufuata chai, wali na soda, na wakati vyombo vinakusanywa, mwalimu wa kwaya mwenyeji anaiomba ile bahasha. Nakala inatolewa dukani jirani, ukurasa wa tatu umekatika pembeni, mstari wa alto haukutoka vizuri. Wiki chache baadaye Utukufu ule unaimbwa na wenyeji wenyewe, na pale alto ilipofifia wameweka sauti yao.